Kiingereza cha Fundi Viti

Fundi viti alikuwa na Kiingereza cha neno moja tu, lakini alilipenda kama mwana wa pekee: "sturdy". Mteja mgeni alilitamka siku moja baada ya kukalia kiti chake na kujitingisha. "Maana yake imara, baba," binti yake alimweleza. "Kitu kilichosimama vizuri, hakiyumbi." Tangu hapo majirani hawakupumua. Kila gundi ikikauka, fundi hupanda juu ya kiti, huruka kwa kilo zake zote, kisha hutangaza, "Sturdy!" Kiti kisichotangazwa hakiuzwi.

Sasa binti alipata mchumba, na mama wa mchumba akawa njiani kutoka ng'ambo. Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji, ni Kiingereza tu. Fundi alimsomesha mwanawe huyu kwa randa na msumeno. Leo amtie aibu mbele ya wakwe?

"Baba, we tabasamu tu, sisi tutatafsiri," binti alimsihi.

"Nikenue meno kama sanamu? Mwenye nyumba si mimi?"

Mgeni akafika, mwembamba, kilemba kichwani. Kwenye ngazi za mlangoni mwanawe, yule mchumba, alitaka kumshika mkono, akakataa. Akapanda mwenyewe, polepole, huku akihema, mpaka juu. Fundi alipendezwa mno, na mdomo ukamtangulia. Akamwelekezea mkono mkwewe.

"Sturdy!"

Binti akamvuta pembeni. "Baba, jamani! Hilo ni la meza na viti! Ukimwambia mwanamke, ni kama umemwambia ana miguu minene!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Harusi ya mwanawe wa pekee, ameivunja kwa neno lake la pekee.

Lakini mgeni alikuwa anacheka, anacheka mpaka anajifuta machozi. Akasema maneno marefu kidogo. Mchumba akatafsiri.

"Mama anasema ameugua mwaka mzima. Kila anayemwona humwambia pole. Hata mimi, kutwa ni pole, mama, pole. Anasema leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwona alivyo." Akamgeukia fundi. "Anaomba umwambie tena, mzee."

Fundi akamtazama binti yake kuomba ruhusa. Binti, machozi yakimlengalenga, akaitikia kwa kichwa.

Fundi akalisema tena, safari hii taratibu, na mkwewe akanyoosha mgongo.