Ukwaju Kwenye Mita ya Fundi Chande

Sie tuliokulia Mwananyamala wakati redio inakula kofi kwanza ndipo iongee, hatuna haja ya kuelezana sana. Mnaukumbuka mchanga wa rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, ulivyokuwa unaingia mpaka masikioni, na mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari la mtu aliyefeli hesabu. Mnazikumbuka na shikamoo tulizokuwa tunazigawa njia nzima kwenda dukani, maana ukimruka mzee mmoja taarifa inafika nyumbani kabla ya sukari. Nikiwasimulia wanangu wananitazama kama kitu cha makumbusho. Wao mchezo wao ni kidole gumba na kioo cha simu. Goti halijawahi kuchubuka.

Sasa nisijisifu. Kwenye rede mie nilikuwaga wa kwanza kutolewa, na nikitolewa narudi ndani moyo mweupe kabisa. Hata leo hapa Boko kuna majirani wanaonijua kwa sauti tu. Lakini huko kukaa ndani ndiko kulikonipa cheo.

Baba alikuwa fundi wa kupima vipimo. Alikuwa na kalibreta, sanduku la kijivu, zito, ambalo kazi yake ni kutoa kipimo cha uhakika: likisema volti kumi, ni kumi kweli. Kila Jumamosi asubuhi mafundi redio na mafundi friji walileta mita zao za kupimia umeme, wakapanga foleni kibarazani. Baba anaunganisha mita na sanduku kwa nyaya mbili, anaangalia kama mshale wa mita unasimama panapostahili. Mita nzima inabandikwa karatasi yenye sahihi yake. Inayodanganya inapakwa tone jekundu la rangi ya kucha, mali ya mama.

"Baba Zuhura," mama alikuwa akimwambia, "mita za watu zinapendeza kuliko mkeo."

Vibanio vya zile nyaya vilikuwa vimelegea, kwa hiyo cheo changu kilikuwa kuzigandamiza ncha kwa mikono mpaka baba amalize kusoma. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na vidole vibaki kwenye plastiki. Ukipima ukinzani, yaani kitu kinavyouzuia umeme, huku umegusa chuma, alinifundisha, mwili wako nao unaingia kwenye hesabu na mita inasingiziwa. Kwa kazi hiyo nilisamehewa kuosha masufuria. Dada zangu walinichukia kwa haki kabisa.

Jumamosi moja akaja Fundi Chande, kijana mpole kutoka Masasi, aliyekuwa akitengeneza friji kwa kuitwaitwa majumbani. Jumatatu yake alikuwa anaanza kazi ya kudumu kwenye karakana moja, na tajiri alimpa sharti moja tu: aje na mita yenye karatasi ya baba. Alikuwa ameifuta mpaka inang'aa, ameifunga kwenye kitambaa kama maandazi.

Mie muda huo nilikuwa nimetoka kumaliza barafu ya ukwaju. Mikono inanata, sikuosha. Volti zikapita vizuri. Tulipofika kwenye ukinzani, ncha zikawa zinateleza, nikaona nizishike vizuri, chuma kwa vidole. Mshale ukaenda pembeni. Baba akarudia, nami nikakaza zaidi kwa bidii ya kazi. Ukaenda pembeni tena.

"Pole, mdogo wangu," baba akasema, akachovya kijiti kwenye rangi ya kucha.

Chande hakubisha. Na nani angebisha? Mtaa mzima ulijua baba hakosei, na baba mwenyewe alikuwa wa kwanza kujua. Alikaa tu kwenye benchi, mita mapajani, akaanza kuifunga tena kwa kile kitambaa, polepole, kona moja moja. Nikaangalia ncha za nyaya. Zilikuwa na ukwaju.

Niliyaona masufuria yote ya maisha yangu yamejipanga. Nikaona na foleni ya watu wazima wanaomheshimu baba yangu. Nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ambayo nilitumaini haitasikika.

"Baba, nilishika chuma."

Ilisikika. Baba akaninusa vidole, akanituma nikaoshe. Niliporudi alikuwa amezifuta zile ncha. Tukapima upya, nimeshika plastiki. Mshale ukasimama palepale panapotakiwa.

Sikuchapwa. Baba alichukua wembe, akaketi kando ya Chande, akaanza kulikwangua lile tone jekundu, taratibu, asije akaichuna mita.

"Mita yako nzima," akamwambia. "Mimi ndiye nilikosea, sikuangalia mikono ya mwanangu. Nisamehe."

Chande alijibu haina shida, kaka, huku machozi yanamlenga. Akaondoka na karatasi yake, na Jumatatu akaanza kazi. Mie nilirudishwa kwenye masufuria mwezi mzima.

Siku hizi kifaa kikileta wasiwasi kinatupwa, kingine kinaletwa na bodaboda kabla chai haijapoa. Rahisi, sikatai, na mie kwa uvivu wangu ndiye mteja wao mkubwa. Ila wanangu wakibishana na mimi nami nikajikuta nimekosea, huwa natafuta namna ya kubadili mazungumzo. Baba alikiri kosa lake mbele ya foleni nzima, na wembe mkononi, wala hakuharakisha.