Ukuta Uliomwangukia Mama Mkwe

Admin, jina langu lifiche, na kuhusu mahali sema tu ni upande wa Makere, Kasulu. Nimepita miaka sabini. Nina wajukuu wanaoufuata ukurasa huu, na ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwa sababu hili siwezi kumtuma mtu aniandikie.

Miaka ya sabini tulihamishwa kutoka mashambani kwetu tukaletwa kukaa pamoja kijijini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa juzi juzi. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, nami nikabaki na mama yake. Nyumba tulijengewa na baba mdogo wa mume wangu, nimwite Baba Yusta, fundi wa matofali ya udongo. Aliijenga haraka haraka ili mvua zisitukute nje. Masika ya pili maji ya mlimani yakajikusanya nyuma ya nyumba, na ukuta wa nyuma ukalowa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Ukuta huo ulipita chumba changu na cha mama. Nyuma ya kitanda changu ukaota ukungu mweusi. Nguo zikanuka, mkeka ukaoza, mama akawa anakohoa kila asubuhi. Mume wangu akatuma neno kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo: "Tafuta fundi wa kuutengeneza. Chagua wewe uliye hapo."

Kwetu mke hasemezani uso kwa uso na baba mkwe, na baba mdogo wa mume ni baba mkwe vilevile. Chumbani kwangu ndiyo kabisa, hawezi kukanyaga. Kwa hiyo Baba Yusta alipokuja aliuzunguka ukuta kwa nje, akaunusa, akauchoma kwa kijiti, kisha akasimama uani amenipa mgongo. Mimi nilikaa ndani, na mama ndiye aliyekwenda na kurudi kati yetu.

"Shemeji anasema tukandue udongo wote wa juu, ndani na nje," mama aliniambia. "Achimbe mtaro huko nyuma, ukuta ukae wazi mpaka ukauke. Sisi tuhamie jikoni. Na saruji tusiiguse. Anasema ukiuziba ukuta mbichi, maji yanakosa pa kutokea, yanayala matofali kwa ndani."

"Utakauka lini?"

"Kiangazi chote."

Kiangazi chote jikoni, na moshi, na mume wangu anarudi anikute nimelala na mbuzi! Nilikasirika kama vile aliyeleta mvua ni yeye.

Fundi wa pili alitoka Kasulu mjini kwa baiskeli, mwiko na pima maji vimefungwa nyuma. Huyu hakunusa kitu. Aliugonga ukuta kwa vidole, akacheka. "Shemeji, siku tatu tu. Nakupigia plasta ya saruji, napaka chokaa. Mumeo akirudi atadhani amepotea nyumba."

Mama akasema, "Mwanangu, tumsikilize shemeji yangu."

Nikamjibu, "Mama, baba mkwe aingie chumbani ninapolala? Watu watasemaje?"

Akakubali, maana mila ni mila. Lakini ningeweza kutoa kitanda, nikalala kwa jirani mpaka amalize. Nililijua hilo. Niliutaka ukuta mweupe, basi, mila nikaifanya mlango wa kutokea.

Ukuta ukawa mweupe kweli, majirani wakaja kuupapasa. Mvua zikaendelea. Mama akaniambia, "Ukuta unatoa jasho." Nikamwambia ni saruji mpya. Akaniambia tena, umevimba upande wake. Nikasema nitamwita fundi, sikumwita.

Siku hiyo mchana nilikuwa mtoni naloweka mihogo. Mama alikuwa na homa, amejilaza. Niliporudi nilikuta watu wanachimba kwa mikono. Saruji ilikuwa imeanguka nzima nzima, na nyuma yake hapakuwa na matofali tena, palikuwa na tope. Walimtoa akiwa amekwisha kufa. Mdomo wake ulijaa udongo, na mimi ndiye niliyeusafisha.

Baada ya maziko wazee waliniuliza. Nikasema, "Fundi wa mjini alipaka juu tu. Matofali yaliyooza ni ya baba mkwe." Sikusema alituonya. Maneno yake yalipita kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo tulikuwa tumetoka kumfukia. Baba Yusta alikuwepo, ameinamisha kichwa. Kubishana na mkwe mbele ya watu ni aibu asiyoweza kuibeba. Alisema, "Ego, nyumba niliijenga mimi." Ego kwa Kiha ni ndiyo.

Hakuitwa tena kujenga hata banda la kuku. Mume wangu aliporudi kutoka Tanga hakumsalimu mpaka mzee huyo alipofariki, wala hakwenda kutupa udongo kaburini.

Sasa mwezi uliopita amekuja Yusta, binti yake. Anaumwa, amekonda, amebaki mifupa. Alipiga magoti sebuleni kwangu, akasema, "Wifi, sitaki kufa na deni la baba. Msameheni kwa kumuua mama." Mume wangu alilia. Akasema atajibu Jumapili, mbele ya ukoo. Mimi, Mungu wangu, nilimwinua Yusta nikamwambia, "Mimi nilishamsamehe."

Nilishamsamehe!

Nikisema ukweli, mume wangu atajua amelala miaka yote hii na aliyemuua mama yake, na alimtenga mtu asiye na kosa mpaka kaburini. Amezeeka, moyo wake mbovu. Nikinyamaza, Yusta atakufa akiamini baba yake alikuwa muuaji, na Jumapili nitaketi nikimsikiliza mume wangu akimsamehe marehemu kwa dhambi yangu. Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, mnitukane mkipenda, ila mniambie: Jumapili nisimame, au nikae?