Vidonge vya Njano

Binti yangu alianza kukojoa damu akiwa na miaka sita. Kijijini kwetu Zinga hakuna aliyeshtuka. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, nani hapa hajakojoa damu utotoni? Itapita." Haikupita. Mtoto alikonda, akawa analia kila akichuchumaa. Mimi nimesoma hadi sekondari. Nilijua kichocho kinatoka kwenye maji ya bondeni tunakolima mpunga, na nilijua pia kwamba hatuna maji mengine.

Dawa iliyokuwapo hospitali ya Bagamoyo ilikuwa sindano za mshipa, wiki baada ya wiki. Watoto walitapika hadi kuzimia, na mmoja wa majirani zetu alirudishwa amefunikwa shuka. Basi alipokuja daktari Mzungu na dawa mpya ya kumeza, akitafuta mkalimani, nilikwenda mbio. Sikufuata mshahara. Nilifuata kidonge.

Dawa ile haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwa fahari kwamba wakemia kwao walichukua rangi ya kutilia nguo, wakaikata kipande huku, wakaiunga kingine kule, wakawapa panya. Isipofaa wanaitupa, wanaunga upya, na kila muungo hupewa namba yake.

"Na baada ya panya?"

"Baada ya panya, ninyi," akasema, akacheka peke yake.

Nusu ya watoto wagonjwa wa kijiji walipewa dawa, nusu vidonge vya unga vyenye rangi ileile, ili ajue kwa yakini ni dawa inayoponya au ni bahati. Mimi niliandika daftari, na nilikatazwa kumwambia mtu yeyote. Binti yangu aliangukia dawa. Binti wa jirani, anayecheza naye kila siku, aliangukia unga. Niliyaona majina yote mawili, nikafunga daftari, nikanyamaza. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe.

Wiki ya kwanza walimeza mbele yetu, kule hospitali ya Bagamoyo. Baadhi walitapika, lakini damu ilipungua kweli, kwa macho yangu niliona. Lakini rangi haifichiki: waliopata dawa yenyewe macho na viganja viligeuka njano, kana kwamba wamepakwa manjano. Siri ya daktari ikatembea uwanjani ikicheza rede. Wiki ya pili, kwa kuwa watoto walichoka na safari ya mjini, akawapa mama zao vidonge wakawamezeshe nyumbani.

Siku ya nne nilirudi mapema kutoka kazini, nikamkuta mama mkwe na kisu juu ya kibao cha chapati.

"Shikamoo, mama. Unakata nini?"

"Marahaba. Nagawa dawa."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoileta. Mtoto wa watu macho meupe kama karatasi, na huyu wetu nimpe kizima mwenzake akimtazama? Umesoma, mwanangu, lakini ujirani hukufundishwa."

"Mama, nusu haiponyi! Si huyu, si yule!"

"Sasa ulikuwa wapi usiseme?"

Nikazunguka nyumba za majirani. Kumbe kila nyumba yenye mtoto wa njano ilifanya hivyohivyo, kama wanavyopelekeana sahani za futari. Nimeolewa hapa miaka minane. Nilishindwaje kulijua hilo mapema?

Mkojo ulipopimwa, mayai ya minyoo ya kichocho yalijaa kwa wote. Nikamweleza daktari kila kitu. Alinisikiliza, akaweka kalamu chini. "Basi daftari hili halinifai kitu." Nikamwambia dawa ipo, makopo yale pale, ampe binti yangu dozi kamili, mmoja tu. Akasema lazima yarudi yote kwa walioitengeneza. Akasema tena kwamba hata hivyo kutapika kulizidi, wakemia watabadilisha kipande kimoja, wataipa namba nyingine.

"Lini?"

"Miaka michache, wakibahatika."

"Wakibahatika wao," nikamwambia, "mwanangu atakuwa wapi?" Akatazama saa yake.

Makopo yalipakiwa. Namba ile, nadhani, imekwisha kufutwa, imeandikwa haikufaa. Ilifaa. Niliona.

Jumatatu nilimpeleka binti yangu kwenye sindano. Alipoiona sindano akanigeukia.

"Mama, si ulisema vidonge?"

Nikamkamata mkono, nikaubana mezani kwa nguvu zangu zote. Nesi akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena.