Figa la Hajira

"Figa langu hulitupi mtoni, baba Kaimu! Nimelibeba kichwani kutoka Ruangwa siku ya harusi yetu."

"Mke wangu, jana kisanduku cha yule mzungu kililia kilipopita karibu na figa hili. Anatafuta mawe ya kutengenezea bomu, na leo anarudi."

Halfani, huyo mumewe, alipigana Burma. Huko alisikia kwamba bomu moja tu liliteketeza mji mzima wa Wajapani, na tangu arudi Nachingwea hajachinja hata kuku. Kuku wake hufa kwa uzee. Hajira alimpendea moyo huo, ila kumcheka hakuacha.

"Kwa hiyo mji wa watu utaungua kwa jiwe ninalopikia kisamvu?"

"Utaungua, na watoto wake. Nitakuletea figa jingine kutoka hukohuko Ruangwa, nitalibeba mwenyewe kichwani."

Hajira akakitazama kichwa cha mumewe kilichoanza upara, akaona huruma.

"Kwa kichwa hicho? Haya, lichukue upesi kabla si..."

"Hodi!" Mzungu hakungoja kukaribishwa. Alipoingia na kisanduku chake kinacholia, Hajira alikuwa ameshaketi juu ya figa, ambalo bado lilikuwa la moto tangu uji wa asubuhi, anatabasamu.