Pistoni Iliyokwaruzika

Jumapili, tarehe 14 Juni. Asubuhi manyunyu, mchana jua la upepo.

Mshonaji aliisukuma pikipiki ya marehemu baba yake kutoka chumba cha vyerehani hadi uani, akaisimamisha mbele ya mama yake aliyeketi kwenye kigoda. Pikipiki nyepesi ya zamani, ya injini ile ndogo inayotaka oili ichanganywe na petroli. Tangi amelipaka rangi upya, spoku za magurudumu amezisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka.

Hakufanya hayo kwa mapenzi. Alifanya kwa uchungu. Injini ilipokwama miaka ile, kaka yake, kinyozi anayeitwa Spidi mtaa mzima, alimwambia baba, "Ni huyu binti yako. Ameiosha, maji yameingia ndani." Tangu hapo baba hakumruhusu tena hata kumshikia spana, na alikufa akiamini hivyo. Mama naye aliamini.

Sasa, alipoifungua silinda, hakukuta kutu hata chembe. Alikuta pistoni imekwaruzika ubavuni kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Iliendeshwa bila oili, na walioiendesha ni baba na Spidi tu. Akatia pistoni mpya, akafunga mdomo. Kumweleza mama kusingetosha. Spidi ana maneno. Alitaka kaka huyo aseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Spidi akaingia akichekelea. "Kumbe mdogo wangu siku hizi fundi gereji! Usije ukaishonea na vifungo."

"Vifungo vimeniishia, kaka. Wewe ndiye mzoefu. Itie mafuta, uiwashe wa kwanza."

Dumu la petroli na chupa ya oili vilikuwa vimewekwa pamoja. Spidi akamimina petroli tangini, akaisogeza chupa kwa mguu, akafunga kifuniko.

"Mbona baba yenu alikuwa anachanganya kwanza?" mama akauliza.

"Mambo ya kizee hayo, mama. Mimi siku zote nilikuwa natia petroli tupu, na ilikuwa inaruka kama mshale!"

Akainua mguu apige kiki.

"Shusha mguu," Mshonaji akasema. Akamwekea mama pistoni ya zamani mapajani, akamweleza taratibu bila kupandisha sauti. Mama akaipapasa michubuko kwa kidole gumba.

"Na yale maji uliyomwambia baba yako?" akamuuliza Spidi.

Spidi akajikuna kisogo. "Ya zamani hayo, mama. Mdogo wangu, yaishe basi."

"Kamwombe baba kwanza," Mshonaji akajibu. "Yeye akikubali yaishe, na mimi nitakubali."

Spidi akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Mshonaji alitoa ile petroli, akatia nyingine iliyochanganywa, akampakia mama nyuma na kwenda kusimama mbele ya kibanda cha kinyozi. Akaiacha injini ikinguruma mpaka wateja wakatoka nje, mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa, wakauliza nani kaifufua. Mama akawaambia. Kisha, bila kuulizwa, akawaambia na nani aliyeiua.