Kanga ya Shangazi Mwanahawa

Juzi harusini, mwanamke mmoja aliweka mkoba wa ngozi ya mamba karibu na sahani yangu. Niliutazama, nikaendelea kula.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa jirani na mto Ruvu. Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alikwenda kuchota maji asirudi; mtungi wake tu ndio uliokutwa ukingoni. Haukupita muda, mwindaji aliyekuwa akiuza ngozi mjini akampiga mamba risasi, wanaume wakamburuta hadi uani kwetu. Alinuka tope na kitu kama miski iliyochacha.

"Mpasue tumbo," baba alimwambia mwindaji. "Dada yangu yumo humo."

Leo najua kwamba baba alikuwa akitafuta kitu cha kuzika. Siku ile niliamini Shangazi atatoka. Nikakimbilia ndani kumchukulia kanga, maana atakuwa amelowa, naye hakupenda wanaume wamwone hivyo.

Niliporudi, kisu kilikuwa kikikwaruza magamba. Kisha kikanyamaza. Baba akainuka na bangili ya fedha, na vitu vingine nisivyovitambua.

"Baba, Shangazi yuko wapi?"

"Nipe hiyo kanga, mwanangu."

Akavifunga humo, kifurushi kidogo tu, wanaume wakaondoka nacho kuelekea makaburini. Mwindaji alibaki akiipaka ngozi chumvi.

Jioni mama alipotandika mkeka wa chakula, nilisogea kumwachia Shangazi nafasi yake. Hakuna aliyeniambia nirudi nilipokuwa.