Mikebe Kumi na Moja ya Janeffer

Janeffer ni jirani yangu hapa Litein, ua wa miti ya saiprasi tu ndio unaotutenganisha, na sijawahi kumpenda. Nasema wazi mapema ili mtu asije akanidhania mtakatifu. Amechuma chai miaka thelathini na vidole vyake havitakati tena, hata kwa sabuni ya kipande. Ana mdomo, ana kiburi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa madhabahu ya kanisa letu wakati wa Pasaka.

Aliipamba kwa lili nyeupe alizopanda mwenyewe. Lili hulala ndani ya udongo kama kitunguu. Janeffer alikuwa nazo kumi na moja, kila moja kwenye mkebe mtupu wa rangi, na aliziacha kavu chini ya upenu mpaka zibaki kama siku mia kufika Pasaka, ndipo akazimwagilia maji ya kwanza. Hapo zingeamka, na wiki ya Pasaka zingefunguka. Hesabu hiyo haikuwa imemwangusha hata mwaka mmoja.

Mimi nauza mapazia na maua ya plastiki sokoni. Mara tatu nimeiambia kamati ya kanisa kwamba maua yangu hayanyauki. Mara tatu Janeffer amesimama na kuuliza kama Yesu alifufuka kwa plastiki. Watu wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukavunjika.

Nami sikumwacha hivihivi. Kitambaa cha madhabahu kikienda upande, namwambia. Mshumaa ukiinama, namwambia. Hata akipasua kuni kwake, namwambia juu ya ua kwamba anashika shoka vibaya. Hakuna kosa la Janeffer nililowahi kulimeza.

Mwaka huo mvua ya Novemba ilikataa kuisha. Upepo uliisukuma mpaka chini ya upenu, mikebe ikalowa, na Desemba ilipoanza lili zote zilikuwa zimechipuka. Kufikia wiki ya Krismasi zilikuwa na urefu wa shubiri. Zingefunguka Februari, na Pasaka ilikuwa Aprili. Pasta Kimutai alikuja kuziona, akakuna kichwa, akamwambia Janeffer:

"Mama Kipngetich, kamati imesema hivi. Kama Jumapili ya Matawi hakuna maua, tutachukua ya Mama Lynn."

Mama Lynn ndiye mimi.

"Pasta, hiyo madhabahu ni yangu," Janeffer alisema.

"Madhabahu ni ya Bwana."

"Basi Bwana amezoea mkono yangu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naanika nguo karibu na ua. Nikamwona ameinama mbele ya mkebe wa kwanza. Vidole vikashuka upesi, vikakata kichwa cha mmea: majani mawili na chipukizi. Alikuwa anachuma lili kama chai! Chai ukiichuma inarudi, wiki mbili tu imejaa tena, na mikono ya Janeffer haikujua mmea wa namna nyingine. Alitaka kuzirudisha nyuma zianze upya, zifike Pasaka kwa wakati.

Mimi nimelelewa Limuru, na mama yangu alifanya kazi kwenye shamba la maua. Najua kwamba ua la lili limo ndani ya kile kichwa, na ukikikata, mwaka huo umekwisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akahamia mkebe wa pili, kisha wa tatu. Nikafunga mdomo, nikasimama pale na shuka mbichi mkononi mpaka akamaliza wa kumi na moja. Nilifurahi, sitaficha. Niliingia ndani nikajipikia chai, nikaongeza sukari.

Jumapili ya Matawi mikebe ilikuwa na majani machache na visiki, hakuna hata ua moja. Pasta aliangalia, akaniagiza nilete yangu.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilifika kanisani na katoni mbili, nikamkuta Janeffer ametangulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakunisalimu. Alifungua katoni, akatoa maua yangu moja moja, akayaosha vumbi kwenye beseni, akaanza kuyapanga. Inaniuma kusema, lakini aliyapanga vizuri kuliko nilivyowahi kuyapanga sokoni. Kitambaa kilikuwa kimenyooka na mishumaa imesimama. Nilitafuta kosa nikalikosa.

Alipomaliza alijifuta mikono kwa leso.

"Ile siku nilikuwa nachuma, ulikuwa hapo kwa fensi," alisema.

Nikamgeukia. "Uliniona?"

"Nilikuona kutoka mkebe ya kwanza. Mimi nilikuwa naogopa, Mama Lynn. Sikuwa najua kama hiyo maua inachumwa. Nikasema, huyu mama huniambia kila makosa, hata ya shoka. Nikifanya vibaya ataniambia." Akainua beseni la maji machafu. "Nikangoja uniambie. Ukanyamaza. Nikajua niko sawa, nikamaliza zote."